Umri wa Kustaafu na Haki ya Mjane katika West Nile

Katika maswali ambayo serikali humwuliza mtu, hapana lililo fupi kuliko hili: ulizaliwa mwaka gani? Mtoto wa shule wa siku hizi hulijibu bila kufikiri. Lakini kwa wazee wetu wa Logiri na Vurra, wa Arua mjini na wa Koboko, swali hilo limekuwa kama mto uliofurika: mwenye mtumbwi huvuka, na asiye nao hubaki ng'ambo akitazama. Mtumbwi wenyewe ni karatasi. Malipo ya uzeeni, yawe pensheni ya mtumishi wa serikali au ruzuku ya wazee, hayatolewi kwa mvi wala kwa mkongojo; hutolewa kwa hesabu ya miaka iliyoandikwa. Na mjane naye huulizwa swali la pili, nalo ni zito zaidi: u mke wa nani, na nani aliandika ndoa yenu?

Tumeazimia kueleza asili ya kanuni hizo na jinsi zilivyotufikia sisi Waislamu wa pande hizi, kwa kuwa wengi huzijua siku ya msiba tu, wakati ambapo kujua hakusaidii sana.

Tuanze mbali kidogo. Wanahistoria wa Kiislamu wanaeleza kwamba Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alipoanzisha diwani, yaani daftari la malipo ya umma, karibu na mwaka wa 20 wa Hijra, hakumwuliza mtu umri wake. Aliwapanga watu kwa kutangulia kwao katika dini na kwa ujamaa wao na Mtume, rehema na amani zimfikie. Waliopigana Badri waliandikiwa dirhamu 5,000 kwa mwaka, na wajane wa Mtume waliandikiwa zaidi ya hizo. Daftari lilikuwapo, karani alikuwapo, na mjane alikuwamo kwa jina lake mwenyewe. Hesabu ya miaka ndiyo iliyokuwa haimo.

Hesabu hiyo ni jambo la juzi. Wajerumani ndio waliotangulia, mwaka 1889, katika enzi ya Bismarck, kuweka sheria ya malipo ya uzeeni kwa wafanyakazi. Umri ulikuwa miaka 70, na mwaka 1916 ukateremshwa hadi 65. Waingereza wakafuata kwa sheria ya mwaka 1908, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909: shilingi 5 kwa juma kwa maskini aliyetimiza miaka 70.  Mjane hakufikiriwa kwa ujane wake mpaka sheria ya mwaka 1925, iliyompa shilingi 10 kwa juma.

Hapa pana kisa ambacho wazee wetu wangekipenda. Kisiwa cha Ireland kilikuwa wakati huo chini ya Uingereza, na uandikishaji wa vizazi vyote ulikuwa umeanza huko mwaka 1864 tu. Basi mwaka 1909 maelfu ya wazee walifika mbele ya makarani bila hati yoyote. Makarani wakawauliza: je, unaukumbuka ule Upepo Mkubwa? Ilikuwa tufani iliyoing'oa paa za nyumba usiku wa tarehe 6 Januari 1839. Aliyesema anaukumbuka alihesabiwa kuwa ametimiza miaka. Mwenye kutafakari ataona kwamba aliyezaliwa mwaka ule wa tufani hawezi kuukumbuka. Lakini shilingi 5 zina nguvu ya kumkumbusha mtu mengi. La kuzingatia ni kwamba serikali ya Kiingereza, ilipowakuta watu wake hawana karatasi, ilikubali kuhesabu kwa mambo yaliyotukia.

Sisi tulihesabu hivyo hivyo, na tulikuwa na mambo mengi ya kuhesabia kuliko Waireland. Nchi yetu ilikuwa sehemu ya Lado, ambayo mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji maisha yake yote. Leopold akafa Desemba 1909, na mwaka 1910 nchi ikaingia chini ya utawala wa Sudani. Mwaka 1914 ikahamishiwa Uganda, na A. E. Weatherhead akaja Arua kuwa bwana shauri wa kwanza. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Logiri kati ya miaka ile ya Wabelgiji aliweza kuwa raia wa dola tatu kabla ya kuota ndevu, naye hakuhama hata uwanja mmoja. Kila dola ilikuwa na makarani wake, na kila moja ilipoondoka iliondoka na madaftari yake.

Basi mama alisema: mwanangu alizaliwa wakati wa Wabelgiji. Mwingine akasema: mwaka wa ile nyota yenye mkia, nayo ni ile iliyoonekana ulimwenguni kote mwaka 1910. Wengine walihesabu kwa ghasia za maji ya Yakan za mwaka 1919, wengine kwa nzige wa miaka ya 1930, wengine kwa kuondoka kwa vijana kwenda vita vya Burma. Hesabu hizo hazikuwa za kubahatisha. Kijiji kizima kiliweza kumpanga kila mtu na rika lake, nani mkubwa kwa nani, bila ugomvi. Lakini karani alitaka tarakimu, na karani hupata anachokitaka: aliandika mwaka alioukisia, na mbele yake akaandika tarehe 1 Januari. Ndiyo maana hata leo mtu akisoma vitambulisho vya wazee wa West Nile atadhani kwamba nusu ya nchi ilizaliwa siku moja.

Malipo ya kwanza ya serikali yaliyowafikia watu wa pande hizi hayakuwa ya umri hata hivyo. Yalikuwa ya utumishi wa bunduki. Emin Pasha, gavana wa Equatoria tangu 1878, alikuwa na askari wengi waliotoka katika makabila ya nchi hizi, na wengi walikuwa Waislamu au walisilimu jeshini. Stanley alipomchukua Emin mwaka 1889, askari wengi walibaki chini ya Selim Bey. Septemba 1891 Kapteni Lugard akawakuta karibu na Ziwa Albert, akawaingiza katika utumishi wa Kiingereza pamoja na wake zao, watoto na wafuasi wengi. Hao ndio asili ya Wanubi wa Uganda na Kenya. Mshahara wao ulikuwa mdogo na ulichelewa. Hayo yalikuwa miongoni mwa sababu za maasi ya mwaka 1897. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, ambalo wazee waliliita Keya, lilirithi askari hao na wana wao, na pamoja nao swali ambalo halijajibiwa: askari akizeeka, aende wapi?

Jibu la serikali lilionekana wazi zaidi Nairobi, ambako ndugu zetu wengi walipelekwa na Keya. Hawakupewa pensheni. Walipewa pasi ya kulima shamba huko Kibera, kwa sharti la kutimiza miaka 12 ya utumishi. Mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Tazama jinsi kanuni ilivyokuwa: haikumwuliza askari umri, kwa kuwa hakuna aliyeujua, ilimwuliza miaka ya kazi, kwa kuwa hiyo jeshi lenyewe liliiandika. Lakini pasi haikuwa milki. Tume ya ardhi ya Kenya ya 1932 hadi 1934 ilisema wenyeji hao ni wapangaji kwa ridhaa ya serikali tu, na mjane aliyebaki katika nyumba ya marehemu hakuwa na zaidi ya ridhaa hiyo. Ardhi ikamegwa mwaka hata mwaka. Jambo hili halikumalizwa mapema. Lilingoja mpaka Juni 2017, ambapo jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya zile za kwanza.

Vita vya pili vya dunia viliwachukua vijana wengi wa West Nile, na kikosi cha 4 cha Keya, kikosi cha Uganda, kilikwenda hadi Burma. Waliporudi mwaka 1946 walilipwa kiinua mgongo cha mara moja, kwa kadiri ya miezi ya utumishi. Mwafrika alipewa takriban theluthi ya alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Fedha hizo zilinunua ng'ombe, zililipa mahari, zilifungua duka dogo, zikaisha. Hapakuwa na malipo ya kila mwezi, na aliyefariki njiani hakumwachia mkewe utaratibu wa kudumu.

Tuje sasa kwa watumishi wa kiraia: makarani, walimu, wauguzi, matarishi. Hawa ndio pensheni hasa iliwafikia, na hapa tofauti moja iliyowaumiza Waislamu haina budi kutajwa. Wamisionari walikuwa wamefika Arua tangu mwisho wa miaka ya 1910, na kila mtoto waliyembatiza waliandika jina lake, siku yake na wazazi wake. Cheti cha ubatizo kikawa, kwa muda mrefu, ushahidi wa kuzaliwa uliokubaliwa ofisini. Mtoto wa Kiislamu alifanyiwa akika siku ya saba, akapewa jina mbele ya jamaa na majirani, dua ikasomwa, nyama ikagawiwa, na hakuna aliyeshika kalamu. Ushahidi wa watu arobaini ulikuwa imara kuliko karatasi yoyote, mpaka watu hao arobaini walipokufa.

Kanuni za Sheria ya Pensheni ya Uganda, kwa mtumishi wa kawaida, ni hizi. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Aliyetimiza miaka 45 na kutumikia si chini ya miaka 10 mfululizo anaweza kustaafu mapema na kupata haki yake. Majaji wana kanuni yao katika Katiba ya 1995: 65 kwa jaji wa Mahakama Kuu, 70 kwa wa mahakama za juu zaidi. Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha miezi ya utumishi kwa mshahara wa mwaka, kisha kugawanya kwa 500. Tuseme mwalimu ametumikia miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa mwisho ni shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ni 8,640,000. Theluthi yake, 2,880,000, huzidishwa kwa 15, naye hupewa mkononi 43,200,000 kuwa kiinua mgongo. Theluthi mbili zilizobaki hulipwa kidogo kidogo, 480,000 kila mwezi.

Hiyo 15 si tarakimu ya kupamba. Ni miaka, na ndani yake mna haki ya mjane. Mstaafu akifa kabla ya kutimiza miaka 15 tangu alipostaafu, waliobaki nyuma yake hulipwa kwa miaka iliyosalia. Akivuka miaka 15 akiwa hai, yeye mwenyewe hurudishiwa pensheni kamili. Lakini akifa baada ya hapo, mjane hana chake. Kwa hiyo mwanamke ambaye mumewe alistaafu na miaka 60 akafa na 66 ana miaka 9 ya malipo. Na yule aliyemwuguza mumewe hadi miaka 78, akamlisha na kumwosha, hutoka edani mikono mitupu. Sheria haikukusudia kumwadhibu kwa uuguzi wake mwema. Lakini hesabu ndiyo hiyo.

Na hata kwa aliye ndani ya miaka hiyo, mlango una kufuli zaidi ya moja. Hutakiwa cheti cha kifo, hutakiwa barua ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi kwamba hana pingamizi, hutakiwa amri ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, na katika yote hayo hutakiwa kuthibitisha kwamba ndoa ilikuwapo. Sheria ya ndoa na talaka za Kiislamu ipo nchini Uganda tangu mwaka 1906, nayo iliamuru ndoa ziandikishwe. Wangapi waliandikisha? Nikahi ilisomwa, mahari yakatajwa, mashahidi wawili wakakaa mkekani, na kwa dini ndoa ikatimia bila upungufu. Kwa ofisi, haikuanza. Kwenye nyumba ya wake wawili au watatu shida huzidi, kwa kuwa mara nyingi mmoja tu ndiye aliyeandikwa katika faili la kazi, aghalabu yule aliyekuwa naye mume alipoajiriwa, na wengine hubaki kubishana naye wakati ambapo wote wanapaswa kulia pamoja.

Kuna jingine ambalo watu hulichanganya. Katika mirathi ya Kiislamu mjane hupata thumni, yaani moja ya nane, marehemu akiwa ameacha watoto, na robo akiwa hakuacha. Wake wakiwa wengi hugawana fungu hilo hilo. Sheria ya mirathi ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, kwa asiyeacha wasia, humpa mwenzi aliyebaki asilimia 20, watoto 75, wategemezi wengine 4, na mrithi wa jadi 1. Kabla ya hapo fungu la mjane lilikuwa 15. Je, pensheni igawanywe kwa lipi? Wengi wa wanazuoni wa zama hizi hutofautisha: fedha iliyokwisha kuwa haki ya marehemu kabla ya kufa, kama mshahara ambao haujalipwa au malimbikizo ya pensheni, ni tirka na hugawanywa kwa mafungu ya Qurani, lakini malipo ambayo serikali huyatoa kwa wategemezi baada ya kifo hufuata sharti la mtoaji, kwa sababu marehemu hakupata kuyamiliki. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mjane. Shemeji anayekuja na hoja ya thumni kuzishika fedha za wategemezi huenda anaitumia dini mahali pasipo pake.

Wala mafungu ya dini hayana sharti ambalo sheria za pensheni za makoloni ya Kiingereza zililiweka. Katika sheria hizo mjane wa mtumishi aliyeuawa kazini alilipwa maadamu hajaolewa tena na ana mwenendo mwema. Nani angeupima mwenendo huo, haikuelezwa; mtu aweza kudhani ni jirani mwenye kijicho. Katika Uislamu eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na ikiisha mwanamke yuko huru kuolewa, na fungu lake la mirathi halirudi nyuma kwa sababu ya mume mpya.

Hata wale waliokuwa na karatasi zote hawakusalimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na watumishi wa reli, posta na bandari wakabaki bila kujua nani anadaiwa pensheni zao. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi Arusha Mei 1984 tu, na kila nchi ikachukua mzigo wa raia zake. Kwetu, mwaka 1979 ulileta zaidi ya hayo. Serikali ya Amin, mwana wa Koboko, ilipoanguka, askari na makarani wa West Nile waliondoka katika kazi bila barua ya kuachishwa. Oktoba 1980 mji wa Arua uliporwa na kuharibiwa, Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci wakauawa, na sehemu kubwa ya nchi ikavuka kwenda Sudani na Zaire. Watu waliobeba watoto na sufuria hawakubeba faili. Waliorudi tangu 1986 walikuta miaka yao ya utumishi imekatika katikati, na kanuni inadai miaka 10 mfululizo.

Kwa mfanyakazi wa kampuni kuna Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, uliosimamishwa kwa sheria ya 1985: mwajiri huchanga 10 kwa mia, mfanyakazi 5, na akiba hutolewa mtu akitimiza miaka 55. Marekebisho ya 2022 yalimruhusu mwenye miaka 45 aliyeweka akiba kwa miaka 10 kuchukua sehemu ya tano mapema. Lakini mkulima wa tumbaku au wa muhogo hayumo humo wala katika pensheni.

Kwa ajili yake ndipo ikaja ruzuku ya wazee, iliyoanza mwaka 2010 katika wilaya chache, Nebbi ikiwa mojawapo: shilingi 25,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 65, au 60 huko Karamoja. Ilipopanuliwa baadaye, kila kata ndogo mpya ilihesabu wazee 100 waliozidi wote kwa umri, na mwaka 2020 nchi nzima ikaingizwa, lakini kwa miaka 80. Sensa ya 2014 ilikadiria kwamba Mganda huishi takriban miaka 63. Zanzibar, iliyoanza kulipa Aprili 2016, iliweka miaka 70, na Kenya vivyo hivyo mwaka 2018. Umri ukipandishwa namna hiyo, kosa la karani huwa na uzito zaidi. Katika uandikishaji wa vitambulisho vya taifa wa 2014, bibi aliyezaliwa kabla ya nzige aliweza kuandikwa kuwa amezaliwa 1950, na akaambiwa arudi baada ya miaka kumi. Wenye wajukuu wanaomzidi umri kwenye karatasi walipatikana pia. Kusahihisha tarehe hutakiwa kiapo na maandishi, na maandishi ndiyo yaliyokosekana tangu mwanzo.

Hata hivyo ruzuku hiyo ina jambo moja ambalo malipo mengi ya serikali tuliyoyataja humu hayakuwa nalo. Haimwulizi mwanamke alikuwa mke wa nani, wala wa kwanza au wa tatu, wala kama nikahi yake iliandikishwa, wala mumewe alistaafu lini na akafa mwaka wa ngapi. Kwa bibi wengi wa vijijini mwetu, hizo 25,000 ndizo fedha za kwanza za serikali walizozipokea kwa majina yao wenyewe.